Digrii ya sanaa Mlimani, stashahada Bagamoyo, au abaki kwa fundi Mwaloni? Tulinganishe

Ngosha_wa_Igoma
Wakuu, mwangaluka. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita. Tangu darasa la tatu mkono wake hautulii: ukuta wa jikoni kwa mama umejaa kuku na mitumbwi ya mkaa. Sasa anataka digrii ya sanaa za ufundi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mzee kauza ng'ombe, mimi nina duka la vipuri Buzuruga, tukiunganisha tunafika milioni sita. Nimekaa na kalamu: ada, chumba, chakula, nauli ya basi Mwanza–Dar, rangi, kanvasi. Kwa miaka mitatu makisio yangu hayashuki milioni tisa na nusu.

Njia ya pili ni stashahada TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Ya tatu, akae kwa fundi wa maandishi hapa Mwanza, Mwaloni ya Kirumba (soko la samaki), na zile milioni sita zimnunulie kompyuta na mashine ya kukata stika. Sitaki kumvunja moyo binti wa watu. Ila sitaki pia arudi na cheti akae ndani. Waliopita humo, nisaidieni kwa namba.

Rangi_Mwaloni
Nina miaka 14 naandika mitumbwi na boti pale Mwaloni, nikupe namba zangu mwenyewe. Jina la boti pande zote mbili pamoja na namba ya usajili ni 45,000. Rangi ya mafuta na tina ya kuiyeyushia vinakula 15,000, inabaki 30,000. Lakini usiizidishe kwa siku 30. Boti za dagaa zinavua gizani. Mwezi ukiwa mpevu zinapandishwa mchangani, ndipo zinakalafatiwa na kuandikwa. Kazi zangu zinabanana kwenye siku kama kumi, boti mbili kwa siku, halafu nakaa. Mwezi mzuri nagusa 600,000. Masika nimeshawahi kumaliza mwezi na 150,000, kwa sababu ubao ukiwa na unyevu rangi haishiki, inabanduka kama magamba ya sato.

Mashine ya stika itampa bajaji, daladala na maduka. Boti hapana, stika haikai kwenye ubao unaolala majini. Na mjini mashine hizo zimejaa, bei zinashuka kila mwaka.

Nilichokosa mimi ni kuta za mahoteli na taasisi. Wale wanataka mchoro wa awali kwenye karatasi, mchanganuo wa gharama, na mtu wa kukaa nao mezani awaeleze kwa nini rangi hii na si ile. Hapo aliyesoma ananipita, nakiri.

Mhitimu_Nyegezi
Mimi ninayo digrii hiyo, nilimaliza 2016. Kaka, kwenye hesabu yako mkopo haupo, na ndio unaobadilisha kila kitu. Akipata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ile milioni tisa na nusu haitatoka yote mfukoni kwenu sasa, itamsubiri mbele. Marejesho yanaanza miezi 24 baada ya kumaliza. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara: kwenye 800,000 ni 120,000. Aliyejiajiri analipa asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi, na isipungue 100,000 kwa mwezi. Chukua ule mwezi wa masika wa Rangi_Mwaloni, 150,000, toa 100,000, uone anakula nini. Angalau ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021. Kabla ya hapo deni lilikuwa linapanda hata ukiwa unalipa.

Halafu watu wanadhani digrii ya sanaa ni ualimu. Siyo. Ama asome sanaa pamoja na elimu, ama aje kuongeza stashahada ya uzamili ya ualimu, mwaka mwingine na ada nyingine. Nalisisitiza kwa sababu mtaala ulioanza 2024 umeleta mkondo wa amali (masomo ya ufundi na stadi za kazi) sekondari, na sanaa imo.

Mimi leo nafundisha shule binafsi, na usiku nachora vitabu vya watoto, 40,000 kwa mchoro. Kazi ya vitabu niliipata kupitia mtu niliyekaa naye dawati moja chuoni, cheti hakuna aliyekiuliza. Na kuna kitu sikukipata Mwanza: kukaa saa tatu mbele ya mtu aliyetulia, unachora, unafuta, mpaka unaona bega linavyoubeba mkono. Sijui nikiwekee bei gani, lakini kila mchoro ninaouza umetoka pale.

Mama_Nyakato
Wa kwangu yupo Bagamoyo mwaka wa pili. Chuo kipo tangu 1981, na uzuri wake ni kwamba wachoraji wanaishi pamoja na watu wa ngoma, maigizo na filamu. Ameshapamba majukwaa mawili kwa malipo. Ubaya ni mfukoni: mikopo ya stashahada iliyoanza 2023/2024 ni ya fani za vipaumbele kama afya, usafirishaji na kilimo, sisi tunalipa taslimu. Baba, huyo binti mwenyewe mmemuuliza anataka kuchora nini?

Kagera_Nyumbani
Na Makerere, Uganda, je? Sanaa inafundishwa pale tangu 1937, wachoraji wetu Sam Ntiro na Elias Jengo wamepitia huko. Kutoka Mwanza ni karibu kuliko Dar, unavukia mpaka wa Mutukula.

Mhitimu_Nyegezi
Shule nzuri, ila ukivuka Mutukula usitegemee mkopo wa Bodi. Kwa milioni sita, hapana.

Ngosha_wa_Igoma
Wabeja sana. Mama_Nyakato, nimemuuliza jana. Kasema anataka kuchora watu, nyuso, siyo maandishi. Basi mashine ya stika naifuta. Nimeelekea kwenye sanaa pamoja na elimu, aombe mkopo, na milioni sita tusimpe kwa mkupuo, ziwe za vifaa na dharura, zinazobaki zimsubiri ile miezi 24. Ila dirisha la maombi bado halijafunguliwa. Rangi_Mwaloni, unaweza kumpokea kwa wiki chache hizi?

Rangi_Mwaloni
Aje Jumatatu saa moja asubuhi, aulize kwa watu wa boti za dagaa watamleta. Avae nguo za kuchafuka. Mwezi unajaa wiki hiyo, nina boti tisa, na mwenye mojawapo anataka sura ya marehemu mama yake ichorwe tezini, kule nyuma ya boti. Mimi nyuso siwezi.