Bodi ya Athearn ya zamani kwenye chasisi mpya, au niifufue chasisi niliyonayo?

MbeyaHO
Habari zenu wakuu. Nina vichwa viwili vya treni za modeli vya kampuni ya Athearn, vile vya zamani vya boksi la bluu vya kujiunganishia mwenyewe, skeli ya HO (1:87): GP35 na GP38-2, zote modeli za vichwa vya dizeli. Rangi ni ya kiwandani na bado inang'aa, ila vikitembea ni kelele tupu, na nataka vyote viingie DCC (uendeshaji wa kidijitali, kila kichwa kinapokea amri kupitia kisahani chake cha elektroniki, dikoda). Njia ninazoziona: nivue bodi hizi nizivike kwenye chasisi mpya, au nibaki na chasisi za zamani nibadili mota, au ninunue bodi mpya zenye vipimo sahihi nizipachike juu ya chasisi nilizonazo. Nipo Columbus, Ohio, kwa hiyo mitumba ya treni si shida kupata. Ipi haitanilia hela bure?

FundiTupa
Mkuu, hivyo vichwa viwili usivitie kapu moja.

GP38-2 ndiyo rahisi. Athearn walipoanza kuuza vichwa vilivyounganishwa tayari kiwandani, vile vya RTR, vya mwanzo vilitoka kwenye kalibu zilezile za boksi la bluu. Tafuta GP38-2 ya RTR ya wakati huo ambayo rangi yake imechakaa, vua bodi yake, vika yako. Utahangaika kidogo na vishikio na taa, basi.

GP35 ni habari nyingine. Mota waliyokuwa nayo Athearn enzi hizo ilikuwa nene, wakaamua kupanua bodi ili iingie. Iweke kando ya modeli ya GP30 ya chapa ya Proto 2000 uzitazame kwa juu: ya Athearn imenenepa, na njia ya kupita wafanyakazi pembeni imebaki nyembamba. Hakuna chasisi itakayoponya hilo. Na usije ukajaribu kuivika kwenye chasisi ya GP38-2 eti kwa kuwa zote zina bogi (fremu za magurudumu) za ekseli mbili. GP35 halisi ina urefu wa futi 56 na inchi 2, GP38-2 ni futi 59 na inchi 2. Hizo futi 3 kwenye 1:87 ni milimita 10 na nusu, na bogi zitakaa pasipo pake.

ProtoMtumba
Njia ya tatu ifute kabisa. Bodi yenye upana sahihi haipiti juu ya mota nene ya zamani. Itabidi ubadili mota, kisha uisage chasisi yenyewe ili kuta za bodi zishuke. Mwisho wa yote umenunua kichwa kizima kwa vipande, tena kwa bei ya juu.

Kwa GP35, chasisi ya GP30 ya Proto 2000 inashawishi kwa sababu hizo mbili halisi zina urefu sawa. Lakini ukiikuta kwenye meza ya mitumba, isukume kwanza taratibu juu ya kipande cha reli. Ukisikia tik, tik, tik kila gurudumu linapozunguka, gia ya ekseli imepasuka. Ni ugonjwa unaojulikana sana wa Proto 2000 za zamani: plastiki inapasuka pale inapobana ekseli, nafasi kati ya meno mawili inatanuka. Dawa yake, kwa kichekesho, inatoka Athearn: gia namba 60024 zinaingia vizuri. Muuzaji akikataa usijaribu, mwachie mzigo wake.

DadaVolti
Mimi natetea njia ya pili, hasa kwa hiyo GP35. Kama unene wa bodi haukukeri, kwa nini uvunje kitu kinachoelewana?

Ila sikiliza hapa vizuri. Kwenye boksi la bluu chasisi yote ya chuma ni waya. Umeme wa reli moja unapanda kwenye bogi, unaingia kwenye chasisi, na brashi ya chini ya mota inaupokea kupitia kile kibati cha shaba kinachogusa chuma. Ukiunganisha dikoda bila kutenga mota, utaichoma mara tu utakapowasha. Geuza kibati, kata vijino vyake vinavyogusa, weka tepu ya kuzuia umeme chini ya mota, kisha pima kwa mita kati ya brashi na chasisi. Mita ikilia, bado hujamaliza. Ukiacha mota ya zamani, ishike kwa vidole isizunguke upime inakula ampea ngapi kabla ya kununua dikoda.

Halafu yale magurudumu ya asili ya chuma kilichoshindiliwa, toa. Yanashika uchafu upesi mno. Weka ya nikeli silva na nusu ya shida ya taa kuwakawaka itaondoka.

Mla_Makaa
Samahani kutoka nje ya mada. Kuna aliyewahi kugeuza bodi ya U-boat (jina la utani la dizeli za GE za mfululizo wa U) ya Athearn kuwa kichwa cha klasi 93 cha reli ya Kenya? Ile ni U26C ya GE.

FundiTupa
@Mla_Makaa kazi ipo, mzee. Za Athearn ni za reli za Marekani za geji sanifu (standard gauge). Reli ya upana wa mita moja, kama ya hicho kichwa cha Kenya, kwenye HO inahitaji njia ya milimita 12, si 16.5, kwa hiyo bogi zote ni za kuunda upya. Fungua uzi wake.

MbeyaHO
Shukrani sana. Na kapla (viunganishi vya vichwa na mabehewa) je? Nataka za chapa ya Kadee namba 5 pande zote.

FundiTupa
Boksi la bluu linashika kapla kwenye chasisi. Chasisi za kisasa nyingi huiacha kazi hiyo kwa bodi, na skrubu ya kapla ndiyo inayofunga vyote viwili. Ukivika bodi ya zamani kwenye chasisi ngeni, kapla inakosa pa kukaa, inabidi ujenge kitako cha plastiki na upime kimo kwa kipimo cha Kadee.

DadaVolti
Nyongeza: Kadee ni za chuma, na chasisi yako ina umeme. Ukiunga vichwa viwili vya aina hiyo huku kimoja kimegeuzwa, unapiga shoti kupitia kapla. Tumia kijumba cha kapla cha plastiki.

MbeyaHO
Basi GP38-2 naitafutia RTR, GP35 naibadilisha mota. Bodi naweza kuzisafisha kwa thina kabla ya kurudisha?

ProtoMtumba
Thina itakula rangi na plastiki yenyewe. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, na mswaki laini.