MJADALA: Kijana wa sekondari akigeuza ahadi aliyokipa chuo, lawama ni zake?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Naleta hoja iliyonikaa rohoni tangu Novemba 2024. Juzi imezuka tena kazini kwetu hapa Michigan, tukabishana mapumziko yote ya chakula mpaka chai zikapoa.

Kwa wasiofuatilia mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mpira wa umbo la yai, kisa ni hiki. Bryce Underwood alikuwa kwotabeki, yaani yule anayeanzisha mashambulizi na kurusha mpira, katika sekondari ya Belleville hapa Michigan. Wachambuzi walimweka namba moja nchi nzima kati ya vijana wa kundi la 2025, yaani wanaoingia vyuoni mwaka huo. Januari 2024 alitangaza kwamba atachezea LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana. Alikaa na ahadi hiyo miezi 10. Tarehe 21 Novemba, wiki mbili kasoro siku moja kabla ya siku ya kutia saini na chuo, akatangaza kwamba anakwenda Michigan, chuo kilicho karibu na kwao. Vyombo vya habari viliripoti mkataba wa zaidi ya dola milioni 10, na tajiri Larry Ellison akatajwa kwamba alitia mkono.

Wenzangu kazini wanasema kijana hana neno, amenunuliwa. Mimi nasema hivi: ahadi hii inadaiwa upande mmoja tu, upande wa mtoto.

Tazameni inavyokwenda. Kocha anafika shuleni, anakaa sebuleni kwa wazazi, anamwambia kijana wa miaka 16, "Wewe ndiye mustakabali wetu, tupe neno lako." Neno hilo halina nguvu yoyote kisheria, si kwa kijana wala kwa chuo. Kundi la mwaka mmoja ni vijana 20 na ushee, lakini ofa ambazo chuo kikubwa hutoa hupita 100 bila shida. Wote wanaambiwa wanapendwa. Akipatikana aliye bora zaidi, mdogo wa orodha hupigiwa simu na kuambiwa "nafasi imejaa". Hiyo haiitwi kuvunja ahadi. Inaitwa kupanga kikosi.

Na kocha mwenyewe je? Aliyekuwa akimngoja Underwood kule LSU ni Brian Kelly. Mwaka 2021 Kelly aliiacha timu ya chuo cha Notre Dame msimu haujaisha, akaenda LSU kwa mkataba wa miaka 10 na dola milioni 95. Oktoba 2025 LSU ikamfukuza, huku mkataba ukidai alipwe kama dola milioni 54. Huku Michigan kocha alikuwa Sherrone Moore, naye akafukuzwa Desemba 2025. Kwa hiyo kijana angekwenda kule au abaki huku, mwaka wake wa kwanza usingeisha akiwa na kocha aliyemwita. Sasa nani alipaswa kumlindia nani neno?

Karibuni.


Mzee wa Minneapolis

Mwanangu, umepanga hoja vizuri, ila mimi nakupinga. Ahadi ni deni. Makosa ya hao makocha nayakubali yote, na ninayachukia kama wewe, lakini kosa la mkubwa haliwi ruhusa kwa mdogo. Nimelea vijana wanne katika nchi hii, na kila mmoja nimemwambia: kabla hujatoa neno fikiri, ukishalitoa usimame nalo.

Tena umemsahau mtu mmoja katika hesabu yako. Chuo kikiwa na kijana namba moja wa nchi aliyekwisha kuahidi, kwotabeki mwingine gani wa mwaka ule atakwenda kujipanga nyuma yake? Wanatafuta kwingine, na milango inafungwa. Namba moja akigeuka mwishoni mwa Novemba, chuo kinabaki kinahangaika, na wale wenzake waliochagua pale ili wadake mipira yake nao wanabaki wanashangaa. Hao pia ni watoto. Hao nao waliahidiwa, na aliyewaahidi ni mtoto mwenzao.

Kama hakuwa na uhakika, angenyamaza. Wapo vijana ambao hunyamaza mpaka siku ya kutia saini, wanakunywa chai za makocha wote, hawasemi kitu. Hao nawaheshimu.


Mkimbiaji mstaafu

Nitaingia kwa mlango mwingine, mniwie radhi kama nitarefusha.

Sisi Wakenya tulisajiliwa na vyuo vya Marekani kabla wengi wenu hamjazaliwa. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State chini ya kocha John Chaplin. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi 4 za dunia: mita 10,000, mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na mita 3,000 za kawaida. Akiwa mwanafunzi! Kwa sheria za wakati ule za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, mwanamichezo wa chuo alipewa ada, chumba na chakula, basi. Jina la chuo lilizunguka dunia kwa miguu ya kijana wa Nandi.

Mimi sikuwa Rono, nilikuwa wa kawaida. Lakini nakumbuka barua ya kocha ilivyofika kwetu. Baba aliisoma mara tatu, akamwita mwalimu mkuu aisome ya nne. Hakuna aliyeniuliza kama nakipenda chuo kile. Ilikuwa chuo hicho au shamba. Mtu akija siku ileile na ofa bora, ningegeuka, na baba angeniambia nimetumia akili.

Ndiyo maana ninaposikia neno "amenunuliwa" huwa nashtuka. Kijana amezaliwa na kitu ambacho watu wazima wanauza tiketi kwacho. Uwanja wa Michigan unachukua watu zaidi ya 107,000. Hao hawaji kumtazama mkuu wa chuo.

Jambo moja kwa wenye watoto wanaotoka nyumbani Kenya au Tanzania kuja kucheza: viza ya mwanafunzi hairuhusu kazi ya kawaida nje ya chuo. Hizi pesa za matangazo wanazozikimbilia Wamarekani zinaweza kumletea mtoto wako matatizo ya uhamiaji. Asitie saini karatasi yoyote kabla ofisi ya wanafunzi wa kigeni na mwanasheria wa uhamiaji hawajaiona. Kaka yenu nimeona kijana karibu apoteze masomo kwa tangazo la viatu.


Fundi wa Dallas

Mzee, pesa zilikuwapo siku zote, tofauti ni mlango zinaopitia. Mwaka 1987 hapa Dallas timu ya chuo cha SMU ilifungiwa msimu mzima kwa kuwalipa wachezaji chini ya meza, na haikurudi ilivyokuwa kwa miongo. Leo wachezaji wanalipwa mchana kweupe. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi ya NCAA kwa kura 9 kwa 0 katika kesi ya mchezaji Alston, na Julai mosi mwaka huohuo wachezaji wakaruhusiwa kuvuna kutokana na majina na sura zao. Juni 2025 jaji Claudia Wilken akaidhinisha suluhu ya kesi ya wachezaji dhidi ya NCAA, iitwayo House: chuo chenyewe kinaweza kugawa hadi dola milioni 20.5 kwa wanamichezo wake katika mwaka wa kwanza wa suluhu hiyo. Mwaka 2010 mchezaji Reggie Bush aliiachia Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, kwa sababu ya zawadi alizopokea akiwa chuo, akarudishiwa Aprili 2024. Kosa lilelile, zama mbili.

Mimi niko na mwanzisha mada.


Mama wa Uvira

Jambo ndugu zangu. Shikamoo mzee wa Minneapolis, na mkimbiaji pia shikamoo. Mimi ni mama wa Kikongo, tuko Iowa mwaka wa tisa. Mwanangu ana miaka 16, mrefu kuliko mlango, anacheza safu ya ulinzi. Mwaka huu makocha wa vyuo wameanza kumtumia ujumbe. Kila siku simu inalia, kila ujumbe una moto na mioyo. Ananiambia, "Mama, wananipenda."

Mnabishana kuhusu huyo wa milioni 10. Mimi nina maswali ya mtoto asiye na hata milioni moja. Je, mchezo huu haumharibu kichwa? Na akiahidi, nani atamshika mkono mambo yakibadilika? Sisi hatuna mwanasheria. Baba yake yuko zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, mimi Kiingereza changu ni cha sokoni. Kocha akija nyumbani, mtoto mwenyewe ndiye mkalimani wa maneno yanayomhusu.

Mzee, wewe unasema neno ni neno, nami nimelelewa hivyo. Lakini neno la mtoto aliyekuwa akitafsiri peke yake, ni la nani?


Mzee wa Minneapolis

Marahaba mama. Swali lako la mwisho limenigusa, sina jibu la haraka. Ninaloweza kusema ni kwamba mtoto wa namna hiyo asikae na kocha peke yake hata mara moja. Mtafute mtu wa kanisani au msikitini, au mwalimu wa Kiingereza, akae hapo. Na juu ya ahadi sijabadilika: kama hajui anachoahidi, asiahidi.


Mwanzisha mada

Mzee, nianze na wewe. Wale vijana wengine uliowataja sikuwaweka katika hesabu, na nilikosea. Ila hapo ulipomalizia, kwamba asiyejua asiahidi, ndipo tunapokutana. Mtoto wa miaka 16 hajui, na hawezi kujua. Kinachoniuma ni kwamba anayemwomba ahadi anajua hilo vizuri kabisa.

Niwaambie kwa nini. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, si wa nyota tano wala tatu katika orodha za wachambuzi. Kocha wa chuo kidogo alimwahidi nusu ya ada. Dada yangu akaamini, wakaacha kuomba vyuo vingine kwa sababu "tumeshatoa neno." Februari kocha akapata kazi kwingine. Kocha mpya akasema anataka wachezaji waliokomaa, wanaohama kutoka vyuo vingine. Hakuna aliyeomba radhi. Mtoto alikaa mwaka mzima ghalani akipanga maboksi nami. Neno alilishika vizuri sana.

Tangu wachezaji waruhusiwe kuhama watakavyo, makocha wengi wanaona afadhali wamchukue mwenye miaka 21 aliyekwisha kujaribiwa kuliko mtoto wa sekondari. Nafasi za watoto wetu zinapungua, na shinikizo la kuahidi mapema linaongezeka.

Sasa mama wa Uvira. Kuhusu kichwa sitakupamba. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walichapisha matokeo ya kuchunguza ubongo wa wachezaji waliofariki. Kati ya 111 wa NFL, ligi ya kulipwa, 110 walikuwa na ugonjwa wa ubongo unaotokana na vishindo vya kurudiwarudiwa. Kati ya 53 walioishia vyuoni, 48. Ni familia zenyewe zilizotoa ubongo huo, nyingi zikiwa zimeshaona dalili, kwa hiyo hatuwezi kusema kila mchezaji ataugua. Lakini ni jambo la kuzungumza na daktari kabla ya kuzungumza na kocha.

Kuhusu pesa, mwambie mwanao kisa cha Jaden Rashada. Kwotabeki huyu aliahidiwa dola milioni 13.85 na wafadhili wa Chuo Kikuu cha Florida. Pesa haikutoka, Januari 2023 akaachiliwa, na Mei 2024 akafungua kesi dhidi ya kocha na wenzake, akisema alidanganywa. Kama yule mwenye mawakala alifika mahakamani, sisi wa zamu ya usiku tuwe macho mara mbili. Na hesabu ni hii: wanaocheza mchezo huu sekondari ni zaidi ya milioni moja, wanaofika vyuo vya NCAA ni kama asilimia 7, na kati ya hao wanaochukuliwa na NFL hawafiki asilimia 2. Shahada ndiyo mali ambayo wengi wataondoka nayo.

Lakini usimkatishe tamaa mtoto. Josh Allen, kwotabeki wa Buffalo katika NFL, alitoka mji mdogo wa mashamba, Firebaugh kule California, akamaliza sekondari bila ofa hata moja ya chuo cha daraja la juu. Alianzia chuo cha miaka miwili, kisha Wyoming. Orodha ya nyota ni makisio ya watu.

Ukikaa na kocha, awepo mkalimani ambaye si mwanao. Umuulize haya na umwombe ayajibu kwa maandishi: Skolashipu ni ya mwaka mmoja au ya miaka yote? Akiumia magoti, inabaki? Nani analipa matibabu, na mpaka lini? Kama kuna mkataba wa pesa, akihama anadaiwa kiasi gani? Umeshatoa ofa kwa vijana wangapi wa nafasi yake? Na la mwisho, umtazame usoni wakati unaliuliza: wewe ukiondoka, au ukifukuzwa, mwanangu anaruhusiwa kuondoka bila kudaiwa chochote?

Akisita hapo, msitoe neno siku hiyo.


Mama wa Uvira

Asante kaka. Nimeandika yote kwenye daftari. Kocha mmoja anakuja Jumamosi. Mwalimu wake wa hisabati amekubali kuja kutafsiri.