Wauza kebo, mnatuuzia aluminiamu kwa bei ya kopa, halafu lawama anabeba fundi

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtanisamehe nikipandisha sauti. Nimekaa nalo wiki mbili nikidhani litapoa. Halijapoa.

Mimi ni fundi, niko Morogoro. Kazi yangu ni kebo: za maiki, za spika, za kinanda, na kwa wanafunzi wa vyuo nabadilisha waya za hedifoni na kuzifunga pini mpya. Huu ni mwaka wa tisa. Kazi yenyewe ni ndogo ndogo, anayenilisha ni mteja anayerudi na yule anayeletwa na mwenzake. Sina bango, sina tangazo redioni. Nina jina tu.

Mwezi wa tano kwaya moja ya hapa ilinipa kazi ya kebo sita za maiki, kila moja mita 10. Nikapanda treni mpaka Dar, nikaenda Kariakoo kwenye duka ambalo sitalitaja hapa, nikachukua roli ya mita 100. Ganda jeusi, laini mkononi, limechapwa 2x0.22, yaani mishipa miwili ya milimita mraba 0.22 kila mmoja, na herufi OFC, yaani shaba, ndiyo kopa yenyewe, iliyosafishwa isibaki na oksijeni. Nikamuuliza muuzaji mara mbili, kwa Kiswahili cha kawaida kabisa: hii ni kopa tupu? Akajibu, "Kopa tupu kaka, mafundi wote wa studio wanachukua hii." Na bei ilikuwa ya kopa. Naomba hilo lieleweke kabla mtu hajaja kuniambia vya bei rahisi ni ghali. Sikuomba cha bei rahisi. Nililipa bei kamili na nikapewa risiti.

Kosa langu nalikiri: roli niliiona nyepesi. Niliinyanyua kwa mkono mmoja nikashangaa, nikajiambia labda ganda ni la mpira mwepesi. Nilikuwa na haraka ya treni.

Nikafunga zile kebo kwa utulivu, siku nzima na nusu. Kila mshipa nimeupaka risasi ya kuungia waya kwanza, wavu wa nyuzi unaozunguka mishipa nimeusokota na kuupeleka pini namba 1, mikia ya plagi nimeikaza ishike ganda na si waya. Nikazipima zote sita na mita ya umeme, zikalia vizuri. Nikapeleka, wakanilipa, wakaniombea.

Wiki ya saba maiki ikaanza kukwaruza katikati ya ibada. Jumapili iliyofuata ikakata kabisa, dada anaimba peke yake, kanisa limejaa. Ya pili ikafuata ndani ya siku chache. Mwenyekiti wa kwaya akanipigia. Ni mama mtu mzima, wala hakugomba, na afadhali angegomba. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Mwanangu, hizi hela tulichangishana. Kama hazikutosha si ungetuambia?" Yaani mama wa watu anaamini nilichukua mchango wao nikaweka waya wa ajabu ili chenji ibaki kwangu. Sikuwa na jibu. Nikamwambia nakuja.

Nikafungua plagi ya kwanza mbele yake. Risasi iko salama, inang'aa, haijaachia popote. Nyuzi ndizo zilizokatika, milimita moja tu nyuma ya risasi, zimevunjika kama mabua makavu. Nikakata kipande, nikamenya, nikachukua wembe nikakwangua uzi mmoja taratibu. Rangi ya shaba ikatoka kama rangi ya kucha, ndani kweupe. Nikaweka uzi kwenye moto wa kiberiti cha gesi: uzi mwembamba wa shaba hapo unageuka mwekundu na unabaki uzi, maana shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi. Huu ulijikunja, ukakatika, ukadondoka. Aluminiamu inayeyuka kwenye 660. Mama akaniuliza maana yake nini. Nikamwambia maana yake tumeibiwa wote wawili.

Nikataka shahidi asiye na upande. Mtaani kwetu kuna kijana ananunua vyuma chakavu. Nikampelekea rundo la vipande bila kumwambia kitu, nikauliza kopa kilo shilingi ngapi. Akachukua kisu, akakwangua, akageuzia kwenye jua, akanirudishia. "Kaka, hii siyo kopa. Ukitaka nikuchukulie kwa bei ya aluminiamu." Sekunde kumi hazikufika. Kijana wa mizani mtaani anajua kwa sekunde kumi, na mwenye duka anayeagiza kwa kontena atuambie hajui? Nilipompigia alisema, "Bosi wangu, mzigo ndio unakuja hivyo," kisha akanikumbusha maandishi ya kwenye risiti, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Sasa nielezee kwa wasiojua, maana najua kuna watu watakuja kusema waya ni waya.

Kebo ya namna hii ni aluminiamu iliyovikwa shaba juu. Ni bidhaa halali, ina kazi zake, na huko viwandani ina jina lake, CCA. Shida ni kuichapa OFC na kuiuza kwa bei ya shaba. Aluminiamu ni nyepesi kuliko shaba zaidi ya mara tatu, ndiyo maana roli ile niliinyanyua kwa mkono mmoja. Na inapitisha umeme vibaya zaidi. Zile mita 40 zilizobaki nilizipima: mshipa mmoja wa shaba wa ukubwa ule ungetoa kama omu 3 (omu ni kipimo cha jinsi waya unavyozuia umeme), wangu ulitoa karibu omu 5, na hapo nimeshatoa omu za nyaya za mita yenyewe.

Niwe mkweli, kwenye maiki hizo omu mbili za ziada husikii chochote. Mixer inapokea maiki kwenye omu elfu moja na zaidi, omu mbili zinapotea humo. Kinachoua kebo ya maiki ni kukunjwa. Kila Jumapili inakunjuliwa, inakanyagwa, inazungushwa kwenye mkono, inatupwa kwenye boksi. Shaba inavumilia, aluminiamu inachoka na kuvunjika, na inavunjika pale pale risasi inapoishia kwa sababu hapo ndipo laini inakutana na ngumu. Ukija kurekebisha unakata, unamenya, wembe unagusa nyuzi kidogo tu, ile shaba ya juu imechubuka, na risasi haishiki tena kwenye aluminiamu. Inateleza kama maji kwenye jani la mgomba. Unaongeza moto, ganda linayeyuka, unaharibu zaidi.

Kwenye spika ndiko omu zinakoumiza. Spika ya omu 4 au 8 ikiwa mita 20 kutoka kwenye amplifaya, umeme unasafiri mita 40 kwenda na kurudi. Waya wa milimita mraba 2.5 wa shaba hapo unakula kama robo ya omu. Wa aluminiamu iliyovikwa unakaribia nusu, na nyingi zilizochapwa 2.5 ukizimenya ukahesabu nyuzi hazifiki hata 1.5. Besi inalegea, fundi mitambo anaongeza sauti, amplifaya inachemka, na wakiulizana nani alifunga waya, wananitaja mimi.

Kwenye hedifoni ni balaa jingine. Waya zake ni nyuzi kama nywele, zimepakwa vanishi ya rangi, nyekundu, kijani, bluu, na katikati kuna uzi wa nailoni wa kuzipa nguvu. Kwenye waya mzuri unachoma vanishi na tone la risasi ya moto, nyuzi zinameremeta, unaunga. Hizi tunazouziwa siku hizi ukizigusa na pasi ya kuungia zinakatika zenyewe. Mwezi uliopita mwanafunzi aliniletea hedifoni yake kwa mara ya tatu, pini ile ile niliyofunga mimi. Akasema, "Fundi, mwimbaji amepotea." Nikaivaa. Kweli, gitaa na ngoma zinasikika kwa mbali kama zinatoka kisimani, sauti ya mwimbaji haipo. Nyinyi mafundi mnajua hiyo ni waya wa pamoja umekatika, masikio mawili yamebaki yameungana bila njia ya kurudi, na kile kilichofanana kushoto na kulia, kama sauti ya mwimbaji, kinafutana. Nilimrekebishia bure mara tatu. Bure kwake, kwangu siyo bure.

Na pini zenyewe! Plagi ya mm 3.5 inayojiita ya shaba ya njano, ukiipitisha kwenye sumaku inanasa. Chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Ile plastiki inayotenganisha ncha na pete inayeyuka kabla risasi haijashika, vyuma vinahama, unapata kushoto na kulia vimegusana ndani ambako huwezi kuona. Zile za pete mbili zenye maiki ya simu ndiyo hazisemi kabisa zimepangwa vipi, maana kuna mpango unaoweka maiki kwenye shina na mwingine unaoiweka kwenye pete ya pili, na ukifunga kinyume mteja anasikia nusu na maiki haifanyi kazi. Kwa hiyo napima kila hedifoni upya kabla ya kugusa kitu. Hiyo ni nusu saa ambayo simtozi mtu.

Risasi nisiiguse leo. Roli imeandikwa 60/40, yaani bati 60 kwa risasi 40, inatakiwa ianze kuyeyuka kwenye nyuzi 183, naipa pasi ya 350 inabaki uji wa kijivu. Nitaifungulia mada yake hapa jukwaani.

Ninachotaka ni kidogo sana. Andikeni ukweli kwenye roli. Ikiwa ni aluminiamu iliyovikwa, andikeni CCA na mtupe bei yake, mimi nitamweleza mteja, na kuna kazi nitaichukua: waya uliofungwa ukutani ambao haukunjwi kamwe. Na kama sijui ninachonunua, nijibuni kweli nikiwauliza. Niliuliza mara mbili.

Kebo za kwaya nimezitengeneza upya zote sita kwa hela yangu. Safari hii nilipita maduka mengine na wembe, kiberiti na mita mfukoni, nikamwambia kila muuzaji kabla ya kulipa nataka kukwangua ncha. Wa kwanza alikataa, nikaondoka. Wa pili alikataa. Wa tatu, mzee mmoja, alichukua wembe mwenyewe, akakwangua, akanionyesha nyekundu mpaka ndani. Nikanunua kwake bila kuomba punguzo. Mama mwenyekiti nilimkabidhi pamoja na kile kipande cheupe kilichokatika, akakitazama muda mrefu, akakifunga kwenye leso akasema atawaonyesha wenzake Alhamisi kwenye mazoezi.

Jumatatu narudi Kariakoo na mita zangu 40, risiti, na barua ya kwenda kwa wanaoshughulika na bidhaa bandia. Naomba yeyote aliyenunua roli nyeusi ya 2x0.22 iliyochapwa OFC mwaka huu akwangue ncha leo, apige picha ya rangi ya ndani na ya maandishi ya kwenye ganda, aweke hapa chini. Nikienda na roli moja ataniambia ni bahati mbaya yangu. Nataka niende na picha za roli nyingi.