Kupanda Dambulla na mama mwenye matatizo ya magoti

Swali
Ndugu wanajukwaa, mwezi ujao ninakwenda Colombo, Sri Lanka, kikazi, na mama yangu, ambaye kwa miaka mingi amelipita hekalu la Wabudha la hapa Dar es Salaam bila kuingia, ameomba tuongozane akayaone mahekalu ya mapangoni ya Dambulla. Magoti yanamsumbua. Je, atafika juu? Na avae nini?

Jibu la kwanza
Dada, mwamba wenyewe umeinuka takriban mita 160 juu ya uwanda, na njia ni ngazi. Atafika, mradi muanze asubuhi mapema na asikimbizwe na mtu. Nunueni tiketi kabla ya kupanda. Viatu huvuliwa mlangoni, na kwa kuwa mawe ya uani huunguza nyayo jua likishakolea, mchukulie soksi nene. Mabega na magoti yawe yamefunikwa, kwa hiyo doti moja ya kanga inamtosha kabisa. Chakula kisionekane mkononi, maana tumbili wa pale hawaombi.

Jibu la pili
Mapango ni matano, lakini ningekuwa mimi, muda mwingi ningeutumia katika la pili, lenye urefu wa takriban mita 52. Dari yake imechorwa kwa kufuata mabonde na vinundu vya mwamba, hata ukidhani ni kitambaa kilichotandazwa. Na humo ndani maji hudondoka tone kwa tone kutoka darini yakakingwa chomboni, nayo huhesabiwa kuwa matakatifu. Inasimuliwa kwamba Mfalme Valagamba, aliyefukuzwa kutoka mji mkuu wake, Anuradhapura, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alijificha mapangoni humo, na aliporudi madarakani akayageuza kuwa mahekalu. Kabla hamjaingia, mwonyeshe mama ukingo uliochongwa juu ya mdomo wa pango ili mvua isitiririke ndani: ni mchirizi wa bati, ila wa jiwe.

Jibu la tatu
Msipige picha mkiwa mmeipa sanamu mgongo. Mwaka 2012 watalii watatu wa Ufaransa walipewa nchini humo kifungo kilichosimamishwa, kwa sababu ya picha walizopiga wakijifanya kuibusu sanamu ya Buddha.

Muuliza swali
Asanteni sana. Nimemsomea yote. Suala la soksi limekwisha. Sasa ameyafungua makabati anatafuta kanga ambayo jina lake halitaonekana kama kijembe mbele ya watawa, ingawa nimemweleza kwamba hawasomi Kiswahili.