Picha ya mlima ijae upana wote wa ukurasa: kwenye simu Kibo haionekani

binti_rau (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Nimekwama siku ya tatu leo, naomba mnisaidie.

Namtengenezea baba mdogo tovuti. Yeye anapandisha wageni Kilimanjaro. Alianza kama mpagazi, "mgumu" kama tunavyowaita huku, akabeba mizigo njia ya Machame miaka mingi kabla hajapata leseni ya kuongoza wageni. Sasa ana kikosi chake kidogo, na anachotaka ni kitu kimoja: mgeni akifungua ukurasa akutane na mlima. Picha moja, imejaa kutoka ukingo huu mpaka ule, jina na maneno mawili matatu yakiwa juu yake. Picha aliipiga mwenyewe, kapanda kwenye mnara wa tangi la maji nyumbani Rau, saa 12:30 asubuhi, kabla wingu halijaufunika mlima. Kushoto Kibo na theluji yake, kulia Mawenzi, chini mabati ya majirani na migomba. Ni pikseli 4000 kwa 2250, uzito MB 6.4.

Msimbo wangu ni huu:

```
.mlima {
  background-image: url(mlima.jpg);
  background-size: cover;
  background-position: center;
  height: 100vh;
}
```

Kwenye kompyuta picha haifiki ukingoni, kuna kanda nyeupe kila upande. Nikaweka `width: 100vw`, ikazidi upande wa kulia, na ukurasa mzima ukawa unayumba kushoto na kulia kila ukiuburuta. Kwenye Tecno ya baba mdogo ndiyo kabisa: hakuna Kibo, hakuna Mawenzi. Kinachoonekana ni anga na ule uwanda mtupu ulio kati ya vilele viwili. Aliishika simu, akaitazama, akaniuliza kwa upole, "Mlima uko wapi, mwanangu?"

La mwisho ndilo lililoniuma. Maneno meupe yalikuwa yanaangukia kwenye theluji ya Kibo, hayasomeki. Nikaigeuza picha kwenye programu ya kuhariri, kulia kuwe kushoto, ili Kibo ihamie kulia na kushoto pabaki wazi kwa maandishi. Machoni pangu ikapendeza. Baba mdogo hakumaliza hata sekunde tano: "Huu umekuwa mlima wa upande wa Kenya. Kwetu Kibo iko kushoto." Na ni kweli. Ukisimama Moshi ukitazama kaskazini, Kibo iko magharibi na Mawenzi mashariki. Aliye Amboseli ndiye anayeiona Mawenzi kushoto kwake. Nimeirudisha siku hiyohiyo na sitaigeuza tena. Sasa maneno niyaweke wapi?

---

fundi_njoro (Moshi)

Dada, pole kwa kazi. Nianze na kanda nyeupe, hizo ni nyepesi. Zina sababu mbili na nadhani unazo zote. Brauza huupa `body` ukingo wa pikseli 8 kila upande usipoikataza, kwa hiyo andika `margin: 0`. Halafu naamini hilo boksi la picha umelitia ndani ya boksi jingine lenye kikomo cha upana, labda pikseli 1140. Kilicho ndani hakipiti ukuta wa kilicho nje. Litoe. Boksi la nje libebe picha na lisipewe upana wowote, litajaa lenyewe. Ndani yake weka boksi dogo la maneno lenye `max-width` na `margin: 0 auto`.

Hiyo `100vw` ifute. Kwenye kompyuta nyingi inahesabu mpaka nafasi ya ule mstari wa kuskrolia ulio pembeni, kwa hiyo inazidi kwa upana wa mstari huo, kama pikseli 15 hivi. Ndiyo inayoyumbisha ukurasa. Kwenye simu huwezi kuliona tatizo hilo kwa sababu mstari huelea juu ya ukurasa, hauchukui nafasi.

---

sakina_juu (Arusha)

Binti Rau, shikamoo yangu mfikishie baba mdogo, ana jicho. Mimi nitakaa kwenye swali la simu, maana nililihangaikia sana nilipokuwa natengeneza ukurasa wenye picha ya Mlima Meru.

`cover` haijakosea. Imeambiwa ijaze boksi bila kuharibu uwiano wa picha, basi inaikuza mpaka boksi lote lizibwe, kinachozidi inakikata. Fanya hesabu ya simu ya baba mdogo. Tuseme boksi ni pikseli 360 kwa 640. Ili kimo kifike 640, picha yako ya 16 kwa 9 inabidi iwe na upana wa 1138. Kioo kina 360. Yaani kwenye simu unaonyesha chini ya theluthi moja ya picha, na neno `center` limechagua sehemu ya katikati. Katikati ya picha yako hakuna kilele, kuna uwanda.

Sasa pima ncha ya Kibo iko wapi. Fungua picha, soma pikseli ya kilele, gawa kwa 4000. Tuseme umepata 28% kutoka kushoto. Wengi hapo huandika `background-position: 28%` wakidhani Kibo itakuja katikati ya kioo. Haiji. Asilimia hiyo inaikutanisha nukta ya 28% ya picha na nukta ya 28% ya boksi, kwa hiyo Kibo itakaa pembeni kushoto, pikseli 101 tu kutoka ukingoni. Ukiitaka katikati kabisa, chukua mahali kilele kilipo kwenye picha iliyokuzwa, 28% ya 1138, ni 319. Toa 180, yaani nusu ya kioo, unabaki na 139. Igawe kwa kile kinachokatwa, 1138 toa 360, ambacho ni 778. Unapata kama 18%. Hiyo ndiyo namba yako.

Kwenye kioo kipana cha kompyuta mambo yanageuka: picha haizidi tena pembeni, inazidi juu na chini. Namba ya kwanza inakuwa haina kazi, na ya pili ndiyo inayoamua ikatwe theluji au yakatwe mabati. Ukiandika `18% 25%` theluji itabaki na mabati yatapungua. Jaribu 25, jaribu 35, uone ipi inamfurahisha mwenye mlima.

Kuhusu maneno, usiyapeleke kushoto wala kulia. Yashushe chini, kwenye migomba. Pale tayari pana giza la asubuhi, na wewe unaliongezea kivuli kidogo kinachoanzia chini na kufifia kabla hakijaugusa mlima:

```
background-color: #14231c;
background-image:
  linear-gradient(0deg, rgba(10,20,15,.8), rgba(10,20,15,0) 45%),
  url(mlima.jpg);
```

Kinachoandikwa kwanza ndicho kinachokaa juu, kwa hiyo kivuli kitangulie na picha ifuate. Usifanye kama wale wanaomwaga weusi picha nzima. Mtu ameamka alfajiri, amepanda tangi, amesubiri mwanga uiguse theluji, halafu wewe unamzimia ule mwanga. Ile `background-color` ni ya wakati picha bado haijafika: maneno meupe yanakuwa na kitu cheusi nyuma yake, yanasomeka.

Halafu pima. Mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya tovuti zisomeke na kila mtu, unataka uwiano wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na kilicho nyuma yake, na 3 kwa 1 kwa herufi kubwa. Usipimie kwenye jani la mgomba. Pimia kwenye bati jipya linalong'aa kuliko yote.

---

kijana_themi (Arusha)

Hesabu ya Sakina naikubali. Ila kwa picha hii nisingetumia picha ya nyuma ya CSS (lugha ya kupamba ukurasa) kabisa, na nitasema kwa nini.

Picha ya nyuma inafaa kwa pambo: mkeka, ukuta, rangi ya kitenge. Kwa mtu anayepandisha wageni, mlima ni habari yenyewe. Habari inakaa kwenye HTML, lugha inayobeba maudhui ya ukurasa. Weka `img`, ipe `object-fit: cover` na `object-position: 18% 25%`, asilimia zinafanya kazi vilevile, hesabu haipotei. Utaandika `alt` yake, "Kibo na Mawenzi kutoka Rau, asubuhi", na asiyeona atasomewa na simu yake. Tena brauza inaiona picha mapema ikiwa bado inasoma HTML, haisubiri kwanza faili la CSS lifike ndipo ijue kuna picha ya kufuata. Ongeza `fetchpriority="high"` ili itangulie kupakuliwa, na usiiwekee `loading="lazy"`, kwa sababu hiyo ni ya picha za chini ambazo mtu hajazifikia. Kivuli kiweke kwenye `::after` ya boksi.

Faida nyingine ni `picture`. Inakuruhusu kupeleka picha moja kwa kompyuta na nyingine kwa simu. Kwa nini simu ipakue picha nzima halafu itupe theluthi mbili? Iandalie yake, ya wima, Kibo peke yake, upana pikseli 800 zinatosha.

MB 6.4 ni nyingi mno, dada yangu. Mtu wa bando la siku ataondoka kabla hajaiona hata theluji. Ile ya kompyuta ishushe mpaka upana wa 1920, igeuze iwe WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, ubora 75 hivi. Squoosh inatosha kwa kazi hiyo, inafanya kila kitu ndani ya brauza yako. Angalia anga tu. Anga ya alfajiri inabadilika rangi polepole, na ukiubana ubora kupita kiasi inaanza kuonyesha michirizi kama ngazi. Ukiiona michirizi, panda mpaka 80 uishie hapo.

---

binti_rau (Moshi)

Wakuu, Mungu awabariki. Nimefanya yote, nimelala saa 8 usiku.

Kanda nyeupe zilikuwa ni zile sababu mbili alizosema fundi Njoro. Boksi lilikuwa ndani ya jingine la 1140 kweli. Nikaingia kwa `img` kama alivyoshauri Themi. Nilipomweleza baba mdogo kwamba simu inataka picha yake ya wima, hakutaka niikate ile ya mwanzo. Asubuhi yake akapanda tena tangi, safari hii simu kaishika wima, akasubiri. Wingu lilikuwa limekaa Mawenzi lakini Kibo ilikuwa wazi, na hiyo ndiyo iliyo kwenye simu sasa. Ya kompyuta imekuwa KB 260, ya simu KB 110. Ubora 75 ulileta michirizi kwenye anga upande wa Mawenzi, niko 80.

Kilele kwenye picha yangu kiko 31%, nimerudia hesabu yenyewe nikapata 22%. Naitumia kwa tableti iliyosimamishwa wima, maana hiyo bado inachukua picha pana. Niliipima kwa rula ya kawaida juu ya kioo: Kibo iko katikati.

Limebaki jambo moja. Maneno nimeyashusha kwenye migomba, na chini yake kuna kitufe cha "Tuandikie". Kwenye kompyuta kinaonekana vizuri. Kwenye simu, ukurasa ukifunguka, kitufe kimekatwa nusu. Mtu akiskroli kidogo kinatokea. Wengine hawataskroli, na kitufe hicho ndicho kazi ya baba mdogo.

---

fundi_njoro (Moshi)

Hiyo ni `100vh`. Brauza ya simu ina upau wa anwani, na `100vh` inahesabu urefu kana kwamba upau umeshajificha. Mgeni anapofungua, upau bado upo, basi sehemu ya chini inazama kwa kiasi cha upau huo. Andika hivi:

```
min-height: 100vh;
min-height: 100svh;
```

`svh` ni urefu wa kioo upau ukiwepo, na brauza kubwa zote zinaijua tangu 2022. Simu ya zamani isiyoielewa itaruka mstari wa pili na kushika wa kwanza. Utakutana na watu watakaokushauri `dvh`. Hiyo inafuata upau ukipanda na kushuka, kwa hiyo mlima utakuwa unatanuka na kusinyaa machoni pa mgeni kila akiskroli. Iache.

Nimeweka `min-height` badala ya `height` makusudi. Akishika simu kwa ulalo, maneno yakawa marefu kuliko kioo, boksi litakua, halitayakata.

---

binti_rau (Moshi)

Kitufe kimeonekana chote, na nafasi kidogo chini yake. Nimejaribu kwenye Tecno ya baba mdogo, kwenye simu ya mama, na kwenye iPhone ya mteja mmoja pale dukani Mbuyuni aliyekubali kuniazima dakika mbili.

Asante Njoro, asante Sakina, asante Themi. Salamu zilifika, baba mdogo amesema marahaba. Jioni hii alituma kiungo kwenye kundi la WhatsApp la wapagazi wake, hakuandika neno lolote, kiungo tu. Wa kwanza kujibu ameandika: "Hapo ni Rau."