Nomali au loginomali? Nguzo za ghorofa nne, mwenye nyumba anataka zibebe sita

Kokoto_Nusu (mleta mada): Wakuu salaam. Wahandisi naomba msaada, usingizi sipati. Kuna jengo la ghorofa nne, mwenye nyumba anataka kuongeza mbili. Tumetoboa sampuli za zege kwenye nguzo za chini: nguvu ya wastani megapaskali 24, mkengeuko sanifu (namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) 5. Ghorofa zikiwa sita nguzo itabeba mzigo wa megapaskali 8, mkengeuko 1.5. Nikitumia mtawanyo wa nomali (ule wa umbo la kengele) kote, beta, yaani kipimo cha usalama, ikiwa kubwa hatari ni ndogo, inatoka 3.07. Nikitumia loginomali (mtawanyo usioshuka chini ya sifuri), 3.94. Kanuni ya Ulaya EN 1990 inataka 3.8 kwa miaka 50. Zege lile lile, nondo zile zile! Nitumie ipi? Ripoti inatakiwa Jumatatu.

Mwana_Saruji: Nimeweka kambi hapa, waje wataalamu.

Mzee wa Kamba: Vijana wa kompyuta. Sisi tulikuwa tunagonga nguzo kwa nyundo na kusikiliza. Ikilia "ti" sawa, ikilia "bu" tunaondoka. Mwaka 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lilipoanguka mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar, watu 36 walikufa. Mwogopeni Mungu.

Dada Bimu: Mzee, shikamoo, ila kijana kauliza swali la maana. Mleta mada, 3.07 ni hatari ya nguzo kushindwa kama moja kwa elfu, 3.94 ni kama moja kwa 25,000. Tofauti yote iko kwenye mkia wa kushoto, kule kwenye zege dhaifu. Nomali inaruhusu hata zege lenye nguvu chini ya sifuri, kitu ambacho hakipo, ndiyo maana mkia wake mnene. Kwa nguvu ya zege wengi tunatumia loginomali. Lakini mkia huo wewe hujaupima, umeukisia. Sampuli ngapi?

Kokoto_Nusu: Zinatosha dada.

Dada Bimu: Ngapi?

Kokoto_Nusu: Tisa.

Tofali Bichi: Mimi fundi alinikimbia na hela ya msingi, mpaka leo naishi kwa shemeji. Ushauri wangu: uza kiwanja.

Dada Bimu: Mashine imekuja mpaka site mkatoboa tisa tu?

Kokoto_Nusu: Tulitoboa 12. Tatu nimeziweka pembeni, zilitoka 9, 10 na 11. Hizo ni za kupotosha, ziko mbali mno na wenzake. Kila kitabu kinaruhusu kuondoa namba kama hizo.

Kipimajoto: Hii ni chai. Wastani 24 kamili, mkengeuko 5 kamili, na tatu mbovu zimepangana 9, 10, 11 kama madaftari. Ni zoezi la chuo, kijana anatafuta majibu. Mods fungeni uzi.

Mwana_Saruji: Chai ya maziwa kabisa 😂

Kokoto_Nusu: Namba nimezikata desimali ili zisomeke. Kipande cha 10 nilikishika mwenyewe, kikavunjika mkononi kama mkate wa juzi. Kokoto moja ya mviringo ilichomoka ikaacha shimo safi, laini, kama pengo la jino. Saruji haikuwa imeishika hata kidogo. Zoezi la chuo halina hilo.

Dada Bimu: Basi si za kupotosha. Kosa la kipimo unaliondoa, zege bovu huliondoi. Zote tatu zimetoka nguzo gani?

Kokoto_Nusu: Za nyuma, zilizopangana. Mwenye nyumba anasema zilimwagwa siku moja, mvua ikiwa kubwa.

Dada Bimu: Hapo umechanganya mazege mawili tofauti ukayapa mtawanyo mmoja. Nguzo ya nyuma haijui wastani wa nguzo za mbele. Yake ni 10 dhidi ya 8, na kwa hesabu yako ya nomali beta ni kama 1.1. Nomali au loginomali, hakuna itakayokuokoa.

Kokoto_Nusu: Lakini jengo limesimama miaka kumi, dada. Na mwenye nyumba ameshanunua nondo. Nilishamwambia inawezekana.

Mzee wa Kamba: Jengo la Kariakoo pia lilikuwa limesimama, mpaka likaanguka Novemba 16, 2024.

Kipimajoto: Naondoa neno la chai. Kijana, hizo nguzo za nyuma leo zimebeba nini?

Kokoto_Nusu: Ghorofa nne. Na matanki ya maji juu ya paa, mawili, lita 10,000 kila moja.

Kipimajoto: Tupu?

Kokoto_Nusu: Yamejazwa jana.

Dada Bimu: Hizo ni tani 20. Acha ripoti, maji yafunguliwe sasa hivi, na wapangaji wa nyuma watoke.

Kokoto_Nusu: Nimempigia mlinzi. Anasema ufunguo wa paa anao mwenye nyumba, na hapokei simu. Nimepanda boda, naenda.