Wauzaji wa stovu na karabai za zamani, acheni kung'arisha vifaa vibovu na kuwauzia skauti

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa malalamiko na sitapunguza makali. Ukipita kwenye kurasa za wauza vitu vya zamani siku hizi unakutana na picha ileile: stovu ya Primus inawaka kama dhahabu, chini yake mstari mmoja, "Orijino ya mkoloni, nzima kabisa, inakula mafuta yoyote." Wanaonunua kwa wingi ni viongozi wa skauti wanaotaka kambi yenye sura ya zamani, na wapanda milima. Maana yake chombo chenye presha na moto kinakwenda kuwekwa katikati ya watoto, na aliyekiuza hajawahi hata kukiwasha.

Nianze na hayo "mafuta yoyote", kwa sababu hapo ndipo watu wanaungua.

Stovu ya aina hii, aliyoibuni Frans Wilhelm Lindqvist kule Stockholm mwaka 1892, ni ya mafuta ya taa. Hewa ya pampu inayasukuma mafuta hadi kwenye kichwa chenye moto, humo yanageuka gesi, gesi inachomoka kwenye nozeli na kuwaka. Mafuta ya taa yanahitaji kufika nyuzi 38 au zaidi ndipo yatoe mvuke wa kudaka moto. Petroli inatoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ukiitia petroli kwenye tangi lile, joto la kichwa likishuka kidogo tu hadi kwenye tangi mafuta yanaanza kujiongezea presha yenyewe bila mtu kugusa pampu. Washa (kipete laini cha kuziba maungio) yoyote iliyochoka itavujisha mvuke, na mvuke uko sentimita chache kutoka kwenye moto. Stovu nyingi za mafuta ya taa hazina valvu ya usalama. Zina skrubu ya kutolea hewa peke yake, na ukishazungukwa na moto hakuna mkono utakaoifikia.

Kenya ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, bei ilipanda na kishawishi cha kutia chochote kilichopo kikapanda nacho. Hilo linaeleweka. Lisiloeleweka ni muuzaji kumpa mtu ruhusa kwa maandishi.

Na zipo stovu za petroli kweli, ndiyo maana lazima mjue mnachouza. Svea 123, Optimus 8R na Primus 71 ni za petroli safi isiyo na viungo. Hazina pampu, zinajipatia presha kwa joto, na valvu yao ya usalama imo ndani ya kifuniko cha tangi. Optimus 00 na Primus 96 ni za mafuta ya taa. Optimus 111 ndiyo inayowachanganya wengi: sanduku linafanana, lakini 111 ni ya mafuta ya taa na 111B ni ya petroli. Herufi moja hiyo, na kuna watu wanaipaka rangi juu. Wala msiseme "yenye pampu ni ya mafuta ya taa" mkaishia hapo, kwani stovu nyingi za Coleman zina pampu na zinatumia petroli. Angalieni kikombe cha spiriti ya kupashia kichwa joto, kilicho chini ya kichwa, angalieni skrubu ya hewa, someni kilichopigwa kwenye chuma. Kama maandishi yamefutika, kiuzeni kama pambo na mseme ni pambo.

Sasa hizo dawa za kung'arishia. Dawa nyingi za shaba zina amonia. Shaba ya njano iliyokunjwa na kupigwa kiwandani ina mkazo ndani yake, na amonia ikiipata pamoja na unyevu inapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Jeshi la Uingereza kule India lililiona jambo hili zamani: maganda ya risasi yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe msimu wa mvua, na chanzo kikagundulika kuwa amonia ya mkojo. Kwa hiyo karabai iliyokaa miaka kwenye banda la kuku au zizi la ng'ombe ni ya kushukiwa kabla hujaishika, halafu wewe unaiongezea amonia ya kwenye kopo ili picha itoke vizuri.

Wengine wanatumia brashi ya waya ya mashine. Hiyo inakula chuma, inafuta nembo na herufi ya mwaka, inavua nikeli, na inasukuma shaba laini ndani ya ufa hadi ufa usionekane. Juu yake wanapuliza rangi ya dhahabu. Tangi la presha lililopakwa rangi mpya lina kitu cha kufichwa mpaka ithibitike vinginevyo, huo ndio msimamo wangu.

Kusafisha kunatosha hivi: maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji, kitambaa. Penye ukoko mgumu paka ndimu na chumvi, ngoja dakika chache, suuza sana, kausha. Usiloweke usiku kucha. Shaba ikianza kuwa na rangi ya waridi ujue zinki imeanza kutoka na chuma kinadhoofika. Weusi wa umri uacheni, hauzuii stovu kuwaka.

Kinachonikera zaidi ni kulehemu. Kichwa cha stovu kikipasuka, fundi anakidondoshea risasi ya kawaida ya lehemu, anapiga msasa, tayari. Lehemu hiyo ya bati na metali ya risasi inayeyuka kwenye nyuzi 183 hivi. Kichwa kikiwaka kinapita hapo kwa mbali. Dakika chache tu lehemu inalainika, mafuta yanachuruzika kama maji badala ya gesi, na moto wa njano unaruka juu. Lehemu hiyo inafaa kwenye tangi tu, kwa sababu tangi likitumika sawasawa halipati joto la kushinda mkono. Kichwa kinataka kulehemiwa kwa gesi na fedha au shaba, au kinatupwa.

Halafu washa. Washa ya pampu ni kikombe cha ngozi. Inalowekwa kwenye oili hadi ilainike, inapanuliwa kingo kwa vidole, inarudishwa mdomo ukitazama chini. Nyie mnakata duara kwenye tyubu ya baiskeli. Mpira wa tyubu ukikutana na mafuta ya taa unavimba, pampu inakwama, mtu anasukuma kwa nguvu hadi anakunja fito. Chini ya pampu kuna valvu yenye kipira kidogo kinachozuia mafuta kurudi. Kiwe cha naitrili (mpira usiodhurika na mafuta) au cha gome la kizibo, si cha tyubu. Dalili ya valvu mbovu ni rahisi mno: pampu mara kadhaa, achia mkono, tazama. Kama fito inapanda yenyewe polepole kurudi juu, valvu inavuja, na baada ya muda mafuta yatachungulia kwenye kifuniko cha pampu, karibu kabisa na moto. Na pale kichwa kinapokaa juu ya bomba panakaa washa ya metali ya risasi. Nimeona humu watu wakishauriana kuzungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba. Ile ikipata joto la juu inaharibika na kutoa moshi wenye sumu. Washa ya risasi ni kitu kidogo, itafuteni.

Karabai nazo. Petromax ilitoka kwa Max Graetz, Berlin, ikaigwa dunia nzima, na kwetu nakala zake zimevulia dagaa miaka mingi, Ziwa Victoria, Kigoma hadi Zanzibar. Sasa wavuvi wengi wamehamia taa za betri na sola, karabai zao zinaingia sokoni, na zikifika mtandaoni zinakuwa "za Wajerumani, vita ya pili". Karabai ya baharini imekula chumvi. Fungua kifuniko, mulika tochi ndani ya tangi: ukiona kutu nyekundu tangi ni la chuma na linaliwa kutoka ndani, hata kama nje linang'aa. Utambi wa wavu wenye tundu hata dogo usiwashwe, kwa sababu gesi inatokea hapo kama mshale wa moto na kupasua kioo. Na zile pakiti za tambi hizo za wavu za zamani mnazouza kama "bonasi", nyingi zina thoriamu, ambayo ni ya mionzi. Ukishauchoma utambi unabaki majivu, na vumbi lake usilivute. Kwa kambi ya watoto tafuteni tambi mpya zisizo na thoriamu, zipo.

Mahema ya turubai sitayakalia sana: mkiyafua kwa sabuni ya unga na dawa ya kupaushia ili yawe meupe, mmeondoa kinga yote ya maji. Maji baridi na brashi laini tu.

Na tafadhali, si kila kofia ya skauti iliyookotwa Nyeri, Kenya, ilikuwa ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Mzee alihamia pale 1938, akafariki 8 Januari 1941, kaburi lake liko palepale na kila skauti anajua. Anayedai kofia ni yake alete ushahidi wa maandishi, si ngano. Beji pia: zimulike kwa taa ya zambarau ile ya kukagulia noti. Nyuzi zikiwaka weupe wa samawati, mara nyingi hiyo si beji ya miaka ya 1920.

Ninachodai kwa anayeuza stovu au karabai humu: picha ya chini ya tangi, picha ya ndani ya tangi kwa tochi, picha ya kichwa kikiwa kimetolewa, aina ya mafuta, na video ya kipimo cha beseni. Kipimo chenyewe: tangi tupu lisilo na mafuta, funga kila kitu, pampu mara 15 hadi 20, lizamishe lote kwenye maji, subiri dakika tano. Mapovu yakitoka kwenye washa, badilisha washa na urudie. Yakitoka kwenye mwili wa tangi, kazi ya tangi hilo imekwisha.

NYONGEZA, kwa walioniuliza maswali:

Kuwasha stovu ya mafuta ya taa. Jaza tangi robo tatu, usizidishe, hewa inahitaji nafasi. Skrubu ya hewa iwe wazi. Jaza kikombe spiriti, washa, acha iungue hadi inakaribia kuisha. Hapo funga skrubu na pampu mara tatu nne tu. Moto ukiwa wa samawati na unanguruma, ongeza. Ukiwa wa njano na unaruka, fungua skrubu mara moja, acha ipoe, anza upya na spiriti. Ukiwa wa samawati lakini umeegemea upande mmoja, nozeli ina uchafu, izibue kwa pini. Kizuizi cha upepo kisiizunguke stovu pande zote, tangi litachemka. Ndani ya hema hapana, hata mvua ikinyesha, kwa sababu hewa ya sumu inayotoka kwenye moto haina harufu.

Kujua kama mafuta ya taa yamechanganywa na petroli. Mimina kijiko kimoja kwenye kifuniko cha chuma, weka mchangani mahali pa wazi, asubuhi kukiwa na ubaridi, dumu lenyewe likiwa mbali. Sogeza kiberiti kilichofungwa kwenye fimbo ndefu. Mafuta safi hayadaki moto papo hapo. Yakilipuka kabla kiberiti hakijayagusa, usiyatie kwenye stovu wala karabai, na aliyekuuzia arudishiwe dumu lake.

Aliyeuliza kama stovu yake "iliyotiwa petroli mara moja tu" bado inafaa: mwaga yote mahali pa wazi penye hewa, suuza tangi mara mbili kwa mafuta ya taa safi, acha kifuniko wazi siku nzima nje, badilisha washa zote, kisha beseni kabla ya kiberiti.